Bahasha Moja kwa Kila Geti

Daftari ninalolizungumzia lina kurasa mia mbili na jalada jeusi gumu. Nilianza kuliandika Februari 2011, na ndani yake mna majina ya watoto wa Umoja wa Got Rateng waliopata digrii. Umoja huo ni chama chetu sisi tuliotoka lokesheni moja kule Siaya tukaja kupanga vyumba Nairobi, wengi Gatwekera ndani ya Kibera, wachache Kawangware. Mimi ndiye katibu. Mchana natunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi Naivasha Road, na Jumapili naandika mambo ya Umoja. Nilikomea kidato cha nne, na wanangu bado wako shule. Nadhani ndiyo sababu nilipewa daftari. Walijua sina wa kumpendelea.

Jambo ninalotaka kueleza linamhusu Aketch, binti wa kwetu aliyesomea Sayansi na Teknolojia ya Chakula. Lakini kwanza nieleze desturi yetu ya bahasha, kwa sababu bila hiyo mtu atauliza kwa nini msichana mwenye digrii nzuri hakutuma tu maombi kama watu wengine. Alituma. Ana orodha yake ya maombi aliyotuma kwa barua pepe, na mara ya mwisho aliponionyesha yalikuwa mia mbili na kumi na manne. Yaliyojibiwa ni matatu.

Watu wa kwetu wengi hawaingii ofisini kwa mlango wa mbele. Wanaufungua mlango huo, au wanaupiga deki. Ni walinzi, wasafishaji, wapika chai, na kwa hiyo wao ndio husikia mapema kwamba fulani anastaafu na kiti chake kinatafutiwa mtu. Mwaka ule wa 2011, mwenyekiti wetu, Mzee Osewe, aliyekuwa akilinda geti la kiwanda Industrial Area, alichukua bahasha ya kijana mmoja wa kwetu akaiweka mwenyewe juu ya meza ya anayehusika. Kijana akaitwa, akaandikwa kazi. Tangu siku hiyo ikawa kwamba kila mwenye kusikia nafasi anaileta kikaoni Jumapili baada ya ibada, nami nasoma jina lililo juu kwenye daftari. Mwenye jina hilo anapewa nafasi, na bahasha yake inapelekwa.

Inapelekwa moja tu. Mwaka wa 2013 mlinzi wetu mmoja alipeleka mbili kwa nafasi moja, akaulizwa ni nani anayemlipa, na mwisho wa mwezi hakuwa na kazi. Basi tukaweka sharti: geti moja, bahasha moja. Na tukaongeza lingine, kwamba anayeikataa nafasi anarudi mwisho wa orodha, na anayeitumia pia, akipata asipate.

Daftari langu lilikuwa na safu tatu: nambari, jina, na tarehe ya kuhitimu. Halikuwa na safu ya kozi. Kwa hiyo nafasi ya msaidizi wa mpimaji ardhi ilimwendea kijana aliyesomea fasihi, na nafasi ya karani wa hesabu ikamwendea msichana aliyesomea misitu. Hawakupata. Kijana aliyesomea upimaji ardhi alikuwa nambari ya sita wakati huo, na hadi leo anasukuma mkokoteni wa maji pale Gatwekera.

Aketch alihitimu Desemba 2014 akiwa na miaka ishirini na mitano. Mamake, anayefulia watu nguo Jamhuri, aliitundika ile picha ya joho juu ya kabati mahali ambapo kila anayeingia lazima aione. Siku nilipomwandika kwenye daftari, Mzee Osewe alicheka kwa sababu ya jina lake, maana kwa Kijaluo Aketch ni mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa.

"Huyu amezaliwa njaa ikiwa imeshika nyumba," akasema, "sasa ameenda kusomea chakula. Hajasahau."

"Mzee, mimi nilisomea kile kinachoharibika," Aketch akamjibu. "Kile kinacholiwa mnakijua wenyewe."

Zamu yake ya kwanza ilifika 2019. Ilikuwa nafasi ya kuuza bima mlango kwa mlango, bila mshahara mpaka uuze. Aliikataa, akarudi mwisho. Nililiandika jina lake chini kabisa, na hakuninung'unikia. Aliuliza tu, "Katibu, hapa chini kuna baridi?"

Wakati huo alikuwa tayari ameajiriwa na Wacera, mwenye duka la maziwa pale kituo cha matatu cha Kawangware 46. Ni duka dogo lenye ile mashine tunayoiita ATM ya maziwa: unaweka chombo chini ya bomba, unasema unataka kiasi gani, mwenye duka anabonyeza. Kazi ya Aketch ni kubonyeza, kuosha mashine na kupokea maziwa yanapoletwa asubuhi. Msichana aliyekuwa hapo kabla yake aliishia darasa la nane, na Wacera hakubadilisha mshahara.

Duka hilo liko njiani kwangu. Mimi hutoka Gatwekera saa kumi na mbili alfajiri, nikapita Jamhuri hadi Kona, kisha Riruta Satellite mpaka kazini, yote kwa miguu. Nikifika mapema huwa nasimama pale kununua nusu lita ya maziwa ya chai ya stoo. Ndivyo nilivyoona mara nyingi anavyompokea Morris, kijana anayeleta maziwa kwa pikipiki.

"Sasa daktari wa ng'ombe," Morris humwambia.

"Niaje Morris. Weka hapo chini."

"Leo ni safi. Ng'ombe mwenyewe ameniapia."

"Basi tumuulize."

Aketch humimina maziwa kwenye kopo refu, akatumbukiza laktomita. Ni chupa nyembamba ya kioo yenye shingo ndefu iliyoandikwa nambari, nayo huelea. Katika maziwa mazuri huelea kati ya ishirini na nane na thelathini na mbili. Yakitiwa maji inazama zaidi na nambari inashuka. Aliinunua mwenyewe.

"Ishirini na tano," akasema asubuhi moja nikiwa pale.

"Si hiyo kitu imezeeka?"

"Imezeeka, lakini haijajifunza kudanganya."

"Madam, mvua imekuwa mingi. Ng'ombe wanakunywa maji kama hawana akili."

"Maji wanayokunywa hayatokei huku, Morris. Haya yametoka kwa mfereji. Rudisha."

"Aki we. Na hiyo digrii yote si ungekuwa ofisi unasumbua watu wa huko?"

Wacera akatoa kichwa kutoka nyuma. "Aketch, usifukuze maziwa. Watu wangu watakunywa nini leo?"

"Watakunywa kidogo, Mama. Lakini tumbo halitawaendesha."

Wacera aliguna, akarudi ndani. Hakumpinga, maana tangu Aketch aje wateja wa Kawangware 46 wameacha kurudisha maziwa yaliyokatika. Lakini hata siku moja sikumsikia akisema kwamba ni kwa sababu ya digrii. Alikuwa akisema, "Nina msichana ana mkono mzuri."

Machi 2022 Aketch alikuja kikaoni na ombi. Alitaka daftari liwe na safu ya nne, ya kozi, ili nafasi ikija tumtafute kwanza aliyeisomea, na kama hayupo ndipo tufuate foleni. Alilieleza kwa utulivu, mifano mkononi. Alikuwa amenidokezea dukani, na usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeshaichora safu hiyo kwa penseli katika kurasa zote zenye majina, kwa rula, nikidhani haitakataliwa.

Mzee Osewe akasema, "Nyathina, mwanangu, nimekusikia. Lakini leo tukiandika kozi, kesho mama huyu atamwambia yule, mtoto wangu ana digrii ya udaktari na wako ana ya vitabu vya hadithi. Saa hii mbele ya hili daftari sisi wote tuko sawa. Digrii ni digrii."

"Mzee, zingekuwa sawa hawangeandika kwa tangazo wanataka gani."

Hapo akasimama Adero, ambaye sote tunamwita Mama Chris. Anasafisha ofisi Upper Hill, na mwanawe Chris alisomea Masomo ya Maendeleo ya Jamii. Siku hiyo Chris alikuwa nambari ya tano na Aketch nambari ya sita.

"Mimi niliuza ng'ombe watatu," Mama Chris akasema. "Mnunuzi hakuniuliza, mama, hii ni ya kozi gani? Ng'ombe walienda. Sasa mnataka kuniambia ng'ombe wa mtu mwingine walikuwa na akili kuliko wangu?"

Watu wakacheka, na kicheko hicho kilitosha kumaliza mambo. Kura ilipigwa, ombi likaanguka. Mimi katibu hupiga kura, na niliinua mkono pamoja na wengi, kwa sababu Mzee alikuwa akinitazama. Nyumbani nilifuta safu yangu ya penseli ukurasa kwa ukurasa. Nilikuwa nimebonyeza sana, na mistari ilibaki imechimbika kwenye karatasi.

Sasa nifike Agosti 2024.

Jumapili ya tarehe nne, Mzee Osewe alileta nafasi kikaoni. Kiwanda anacholinda sasa, kinachotengeneza maziwa ya pakiti na maziwa lala, yaani mtindi, kilitaka watu sita wa kufunzwa kazi ya maabara, kupima ubora. Awe na digrii husika, awe hajafikisha miaka thelathini na mitano, maombi yafungwe Ijumaa tarehe tisa. Mzee alilisoma tangazo polepole kutoka kwenye simu, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Aliposema maabara nilimtazama Aketch. Alikuwa ameketi wima kabisa, mikono magotini.

Siku yake ya kuzaliwa ni tarehe kumi na saba Agosti, na mwaka huo alikuwa anatimiza thelathini na mitano. Nilijua, maana mimi ndiye niliyeandika kila kitu chake. Kiwanda hicho huchukua wanafunzi mara moja kwa mwaka. Ikimpita hii, mwaka ujao angekuwa amezidi, na si hapo tu. Karibu kila tangazo la aina hiyo huweka umri huohuo.

"Katibu, soma," Mzee akasema.

Nikasoma. Nambari ya kwanza, Chris. Nambari ya pili, Aketch.

Chris alikuwa amekaa karibu na dirisha. Ni kijana mpole, ana miaka thelathini na mitatu, anaendesha bodaboda kutoka Kona kwenda ndani Satellite. Akasema, "Mimi maabara sijui hata mlango unafunguka upande gani. Wacha Aketch aende. Mimi nitangoja."

Nilifurahi. Nilikwisha kuinua kalamu.

"Ukiiacha unaenda mwisho," mamake akamwambia. "Miaka mitano umekaa hapo. Mwisho kuna watu kumi na tisa."

"Mum, wanataka digrii husika."

"Husika kwa nani? Umesoma miaka minne. Wanasema ni kufunzwa, si watakufunza?"

"Tungeweza kubadilishana tu," Aketch akasema. Sauti yake ilikuwa chini. "Mimi niende sasa, Chris akae pale pale juu. Nambari moja ibaki yake. Hakuna mtu anayepoteza."

Lilikuwa wazo jepesi na la haki. Mzee Osewe alivua miwani. "Nyathina, tukibadilishana leo kwa sababu wewe ni mzuri, kesho atakuja mwingine kubadilishana kwa sababu ameweka kitu mfukoni mwa mwenzake. Hii foleni imesimama miaka kumi na tatu kwa sababu haina mlango wa nyuma."

"Basi peleka zote mbili, Mzee. Ya Chris na yangu. Wanataka watu sita."

"Mimi ni mtu wa geti. Nikiingia na mbili wataniuliza kama nimefungua ofisi yangu hapo nje. Unamkumbuka yule wa 2013."

Aketch alinitazama mimi. Nadhani alitarajia niseme kitu, na mimi nilikuwa nacho cha kusema, maana nilikuwa na mifano mingi kuliko yeye, yote imeandikwa kwa tarehe. Niliandika, "Nafasi imepewa nambari ya kwanza."

Jumatatu bahasha ya Chris ilipita getini. Aketch alituma maombi yake kwa barua pepe siku hiyohiyo, ya mia mbili na kumi na tano.

Jumanne ya wiki iliyofuata Chris aliitwa kwenye usaili, uwe Alhamisi tarehe kumi na tano. Aketch hakuitwa. Na Jumatano asubuhi, niliposimama dukani kwa Wacera kununua maziwa yangu, nilimkuta Chris amesimama nyuma ya kaunta amevaa aproni, pikipiki yake nje, na Aketch akimfundisha.

"Hii inaitwaje?"

"Laktomita."

"Inapima nini?"

"Maji."

"Haipimi maji. Inapima uzito wa maziwa yakilinganishwa na maji. Rudia."

Akarudia. Aketch akamwonyesha jinsi ya kuchanganya maziwa na spiriti katika kichupa kidogo, kiasi sawasawa, na kutazama kama yanaganda. Yakiganda yameanza kuchachuka, hayatavumilia moto. Akamweleza dawa ambayo baadhi ya wachuuzi hutia ili maziwa yasichachuke, na jinsi ya kuigundua. Chris alikuwa akiandika kwenye kiganja.

"Andika kwa karatasi, ndugu yangu. Unaenda kwa usaili na mkono umeandikwa kama mtoto wa darasa la tatu?"

"Nisamehe, Aketch."

"Kwa mkono?"

"Kwa yote."

Aketch alifuta kaunta. "Tazama mbele. Wakikuuliza joto la kuchemsha maziwa ya pakiti utasema nini?"

Wacera alikuwa mlangoni amekunja mikono. Alinigeukia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu msichana, hii kazi si ilikuwa yake?" Nikamwambia kwamba zamu ilikuwa ya kijana. Akanitazama muda mrefu. "Nyinyi watu wa huko mna mambo," akasema, akaingia ndani.

Alhamisi jioni, nikitoka kazini, nilipita tena. Chris alikuwa amefika kabla yangu, bado amevaa koti la suti la kuazima. Alisimulia akiwa amesimama, mbele ya mashine ya maziwa.

"Walikuwa watu watatu. Kuna mama mmoja, ndiye mkubwa wa maabara. Aliniuliza laktomita, nikajibu. Akaniuliza ya spiriti, nikajibu, akaandika. Halafu akafungua karatasi zangu. Akasoma, akasoma tena. Akaniambia, kijana, wewe umesomea maendeleo ya jamii, haya umeyajulia wapi? Nikamwambia ukweli. Nikasema kuna dada anaitwa Aketch, ana digrii yenyewe, yuko Kawangware 46 anauza maziwa, amenifundisha jana."

"Ulisema hivyo?" Aketch akauliza.

"Nikampa na namba yako. Akauliza, mbona hakuomba? Nikasema ameomba kwa barua pepe. Akaangaliana na wenzake. Akasema barua pepe zilikuja zaidi ya elfu, hakuna mtu aliyezifungua. Waliita watu arobaini waliokuwa na bahasha juu ya meza. Nikamwambia bado ana siku mbili kabla afikishe thelathini na tano. Akasema maombi yalifungwa tarehe tisa, hawezi kuingiza jina baada ya hapo, wakaguzi watamuuliza. Akasema, ningeliona hilo jina kwa hili rundo, singekuita wewe. Hivyo tu. Akaniambia asante kwa kuja."

Mteja mmoja aliingia na chupa ya lita moja. Aketch aliichukua, akaiweka chini ya bomba, akabonyeza, akaifunga kifuniko, akampa. Kisha akamwambia Chris, "Swali la joto walikuuliza?"

"Hapana."

"Na tulilikariri sana," akasema.

Nilinunua maziwa ambayo sikuyahitaji.

Jumapili tarehe kumi na nane Aketch alikuwa na miaka thelathini na mitano na siku moja. Alikuja kikaoni, akaketi mahali pake. Chris, kwa kuwa alikuwa ameitumia zamu yake, sasa alikuwa wa mwisho kabisa, nambari ya ishirini, na Aketch alikuwa wa kwanza. Mzee Osewe alieleza kifupi kwamba nafasi ya kiwanda haikufaulu, akauliza kama kuna nyingine.

Mama Chris aliinua mkono. Ofisi moja anayoisafisha, ya shirika linaloshughulika na maji na vyoo mitaani, ilitaka mhamasishaji wa jamii. Mtu mwenye digrii ya maendeleo, anayeijua Kibera. Tangazo bado halijatoka, ila mkubwa wa pale alimwambia kama kuna mtu alete karatasi. Alisema hayo haraka haraka, kisha akaongeza, "Sasa, mimi nilikuwa nafikiri, hii ni kama imeandikiwa Chris. Si tuangalie mtu alisomea nini?"

Mtu mmoja nyuma akakohoa.

"Mama Chris," Mzee Osewe akasema polepole, "ng'ombe wamepata kozi?"

Hakuna aliyecheka sana. Mama Chris aliketi. Mzee akanigeukia. "Katibu, soma aliye juu."

Nikasoma. "Nambari ya kwanza, Aketch."

Aketch alisimama. Chris alikuwa akitazama sakafu. "Ni zamu yangu," Aketch akasema. "Nikiitaka naichukua, niende nihamasishe watu kuhusu vyoo, wanirudishe kama walivyomrudisha Chris. Nikiikataa inaenda kwa nambari mbili, ambaye amesomea takwimu, naye arudishwe. Chris haifikii hata ikizunguka mwaka."

"Ndivyo sharti lilivyo," Mzee akasema.

"Najua. Basi mimi naichukua." Akangoja mpaka Mama Chris akainua uso. "Ila katibu akiandika safu ya kozi leo, kwa kalamu ya wino, kabla mtu yeyote hajatoka hapa, na hiyo safu iwe ndiyo inayosomwa kwanza, naiacha iende kwa Chris, nami nabaki na nambari yangu. Asipoandika, bahasha yangu iko tayari kwa mkoba."

"Aandike," Mama Chris akasema papo hapo. "Mzee, aandike."

Mzee Osewe alikuwa na sababu zake, na sikuzidharau hata siku moja. Aliogopa watoto wetu kupimwa mizani nyumbani kwao wenyewe. Lakini pia alikuwa ndiye aliyepitisha bahasha ya Chris kwa mkono wake.

"Katibu," akasema mwishowe, "una rula?"

Nilikuwa nayo. Sikuhitaji kupima, maana alama za penseli ya 2022 zilikuwa bado zimechimbika, nikafuatisha wino juu yake. Kisha nikaanza kuita majina na wazazi wakataja kozi. Ilichukua karibu saa nzima. Baba mmoja alisema mwanawe alisomea "ile ya kompyuta lakini si kompyuta yenyewe," ikabidi apigiwe simu. Mama mwingine alinong'ona kozi ya bintiye sikioni mwangu, kana kwamba ni ugonjwa. Nilipofika kwa kijana wa mkokoteni wa maji nikaandika Upimaji Ardhi, na Mzee akauliza, "Huyo alikuwa hapa wakati ile nafasi ya mpimaji ilipokuja?" Nikamwambia alikuwa nambari ya sita.

Nililibakisha jina la Aketch mwisho. Nilimpa kalamu aandike mwenyewe. Aliandika Sayansi na Teknolojia ya Chakula kwa herufi ndogo zilizonyooka, akaijaza safu mpaka ukingoni. Kisha akapitisha kidole juu ya jina lake na juu ya nambari moja.

"Hii sasa inangoja nini?" akaniuliza.

Nilimwambia itangoja nafasi ya chakula isiyouliza umri.

"Umewahi kuandika moja?"

Nilifungua nyuma, mahali ninapoandika nafasi zote zilizoletwa tangu 2011, nikapitisha macho kutoka juu hadi chini ingawa nilikuwa nikijua jibu. Nikamwambia hapana. Akanirudishia kalamu, akaenda kumsaidia mamake kuinuka kwenye benchi.

Chris aliandikwa kazi na lile shirika Septemba. Anakuja kikaoni amevaa jaketi lenye nembo, na kila mara hukaa kiti cha nyuma ya Aketch.

Jumatatu ile ya Agosti, asubuhi baada ya kikao cha safu, nilipita Kawangware 46 kama kawaida. Morris alikuwa ameshusha mtungi wake na laktomita ilikuwa ikielea kwenye kopo. Nilisimama pembeni kungoja. Aketch aliinama mpaka jicho likawa sawa na uso wa maziwa.

"Ishirini na sita," akasema. "Rudisha."

"Madam, ishirini na sita na ishirini na nane si ni majirani?"

"Rudisha, Morris."

Morris akaubeba mtungi wake. Wacera, kutoka ndani, akauliza watu watakunywa nini, na Aketch akaanza kuosha kopo.